Mwanasiasa Anapolegeza Msimamo wa Nishati: Maana ya Mpigakura Kuvunjika Moyo

Mpigakura huvunjika moyo kisiasa pale mtu aliyempigania anapokubali, kwa sahihi yake mwenyewe, jambo aliloahidi kulipinga. Hali hii si sawa na kushindwa. Mbunge aliyepambana akazidiwa kura hurudi kwa watu wake, nao humpa pole. Anayerudi na makubaliano mkononi ndiye hukuta nyuso zimekunjwa.

Wengi huchanganya mambo mawili hapa. Kigeugeu hubadili anachokiamini, au hujifanya amebadili, kwa kufuata upepo. Anayelegeza msimamo bado anataka alichokitaka jana, ila ameona hakipatikani bila kuachia kitu kingine. Ni siasa za nipe nikupe. Kwa mtu aliye nje ya chumba cha mazungumzo, wawili hao hufanana sana, na ugomvi mwingi huanzia hapo.

Mfano mzuri ni wa Barack Obama mwaka 2008. Kiangazi cha mwaka huo bei ya petroli Marekani ilipita dola 4 kwa galoni, na mpinzani wake, John McCain, akawa ananadi kupanua uchimbaji wa mafuta baharini. Mwezi Juni Obama aliupinga. Mwanzoni mwa Agosti, akiwa kwenye kampeni Florida, akasema angeweza kukubali uchimbaji wa kiasi iwapo ungekuwa sehemu ya mpango mpana wa kupunguza matumizi ya mafuta na kukuza nishati mbadala. Uzito wote wa kauli ile ulikuwa kwenye neno “iwapo”. Lakini anayechukia visima vya mafuta baharini hakai kusikiliza “iwapo”.

Kwa nini nishati iume kuliko mambo mengine? Kodi inagawanyika: huyu anataka asilimia 30, yule 20, mnakutana 25. Kisima ama kinachimbwa ama hakichimbwi. Kikishachimbwa, au mtambo wa makaa ya mawe ukishajengwa, hufanya kazi kwa miongo kadhaa, na aliyetia sahihi atakuwa amestaafu zamani. Isitoshe, mpigakura huyuhuyu anayedai mafuta yabaki ardhini hulalamika pia bei ya petroli ikipanda. Sisemi ni mnafiki. Mahitaji yote mawili ni ya kweli. Mwanasiasa huyasikia yote, ila la bei hulisikia kila siku.

Kuna tatizo lingine: kilichotolewa huonekana, kilichopatikana hakionekani. Ujerumani ilishuhudia hili katika kijiji cha Lützerath, kando ya mgodi wa makaa ya mawe wa Garzweiler. Urusi ilipopunguza gesi mwaka 2022, serikali ilitafuta umeme kila pembe. Oktoba mwaka huo Waziri Robert Habeck wa Chama cha Kijani, chama cha kutetea mazingira, alitangaza makubaliano na RWE, kampuni ya umeme yenye mgodi huo: kampuni ingeacha makaa ya mawe mwaka 2030 badala ya 2038, na vijiji vitano vya jirani vingesalimika. Lützerath kingebomolewa, na mitambo miwili iliyokaribia kuzimwa ingeongezewa muda.

Kwa hesabu ya karatasini, kuokoa miaka 8 si kidogo. Lakini Januari 2023 kilichoonekana kwenye skrini ni polisi wakiwashusha vijana kutoka nyumba za mitini, wengine wawili wakiwa wamejichimbia kwenye handaki chini ya ardhi, na Greta Thunberg, mwanaharakati wa mazingira kutoka Sweden, akibebwa na askari kwenye matope. Wengi waliokuwa wakipiga kelele pale walikuwa watu wa aina ileile iliyokipa chama hicho kura. Vijiji vitano vilivyosalimika havikuwa na picha ya kuonyesha.

Marekani mambo yalikuwa vilevile. Joe Biden aliahidi kwenye kampeni za 2020 kwamba hakutakuwa na uchimbaji mpya kwenye ardhi ya serikali kuu. Mwaka 2022 alipata sheria yenye uwekezaji mkubwa kuliko wowote wa nchi hiyo katika nishati safi, lakini kura za Seneti zilikuwa 50 kwa 50, na bila Joe Manchin, seneta wa chama cha Biden kutoka jimbo la makaa ya mawe la West Virginia, isingepita. Bei yake iliandikwa ndani ya sheria yenyewe: serikali isingeweza kutoa maeneo mapya ya umeme wa upepo baharini kabla ya kunadi maeneo ya mafuta. Machi 2023 ukaidhinishwa mradi wa mafuta wa Willow, Alaska. Serikali ilijitetea kwamba kampuni ilikuwa na haki za eneo hilo tangu zamani, na kwamba imeruhusiwa vituo vitatu tu vya kuchimbia kati ya vitano ilivyoomba. Vijana walioufanyia kampeni ya kuupinga kwenye TikTok hawakuridhika na hesabu ya vituo.

Nawaelewa. Ahadi ya “hakuna uchimbaji mpya” ni mstari uliochorwa chini, na mstari ama umevukwa ama haujavukwa. Angeahidi kupunguza uchimbaji, vituo vitatu badala ya vitano vingehesabiwa kama hatua. Wanasiasa hupenda kuchora mistari wakati wa kampeni kwa sababu mistari hujaza viwanja, kisha wakiingia ofisini huomba wapimwe kwa mwelekeo. Lawama ya nusu ya maumivu haya naiweka hapo, kwenye lugha ya kampeni, kuliko kwenye makubaliano yenyewe.

Aliyevunjika moyo kwa kawaida hahamii kwa mpinzani. Hubaki nyumbani siku ya kura, au huenda chama kidogo kilicho karibu na msimamo wake. Uchaguzi wa Ujerumani wa Februari 2025 ulikuwa na sababu zake nyingi, lakini Chama cha Kijani kilishuka hadi asilimia 11.6 kutoka 14.7 mwaka 2021, na chama cha mrengo wa kushoto, Die Linke, kikapanda kutoka 4.9 hadi 8.8, kikiongoza miongoni mwa wapigakura vijana.