Je, Wajua? Kwa Nini Mwanafunzi Aliyeiba Mtihani Anaweza Kurudishwa Chuoni na Mahakama

Nilipokuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha umma Uganda, jirani yangu hosteli alikamatwa kwenye mtihani akiwa na karatasi imekunjwa ndani ya soksi. Wakenya tuliokaa nao waliiita mwakenya. Hakubisha, jioni ile ile alituambia mwenyewe kwamba ilikuwa yake. Wiki tatu baadaye akapewa barua ya kufukuzwa, yenye mistari miwili. Akaenda mahakamani, na mahakama ikamrudisha.

Hosteli nzima ikagawanyika. Wako waliosema jaji kamwonea huruma, na wako waliosema pesa imepita. Mimi nilikuwa na jibu langu, nikalishikilia miaka mingi: mahakama imemwona hana hatia. Nililitetea mbele ya watu wazima, hata mbele ya mjomba wangu aliyewahi kuwa karani wa mahakama. Yeye alitikisa kichwa tu, akaniambia nikaisome hukumu. Sikuisoma. Ningeisoma, ningeona kwamba suala la hatia halikujadiliwa popote ndani yake.

Kosa hilo bado nalisikia kila mara Mahakama Kuu inapofuta uamuzi wa chuo fulani. Watu husema “ameshinda, kumbe hakuiba”, au “ameiba na mahakama imembariki”. Kauli zote mbili zinadhani jaji ameukalia tena mtihani, akaitazama ile karatasi, akapima kama mwanafunzi ni mwizi au si mwizi. Hilo si kazi yake. Mbele yake kuna swali jingine kabisa: je, chuo kilifuata njia inayokipa mamlaka ya kumfukuza mtu? Swali la kwanza ni la tendo la mwanafunzi, la pili ni la tendo la chuo. Mwanafunzi anaweza kuwa amekosa, na chuo nacho kikawa kimekosa, siku hiyo hiyo na katika jambo hilo hilo.

Chukua mfano wa mbuzi. Amenona, hana ugonjwa, amenunuliwa kwa pesa halali, wageni wanasubiri. Lakini aliyemuua hakumchinja inavyotakiwa. Alimpiga nyundo ya kichwa. Mwislamu hatakula nyama ile. Ukimwuliza kwa nini, hatakuambia mbuzi alikuwa mgonjwa. Hana neno na mbuzi. Kinachokosekana ni kile kitendo kinachoigeuza nyama kuwa chakula, na unono wa mbuzi hauwezi kukaa mahali pake. Ushahidi uliomo ndani ya soksi ni ule unono. Unaweza kuwa mwingi kupita kiasi, bado hautachukua nafasi ya kumwita mtu, kumwonyesha tuhuma zake na kumsikiliza.

Mfano huu una mwisho wake, na ni vizuri kuusema mapema. Mbuzi aliyekufa hafufuki ukamchinja upya. Shauri la nidhamu hufufuka. Mahakama ikifuta uamuzi, mara nyingi mlango unabaki wazi kwa chuo kumwita mwanafunzi tena na kuanza upya kwa utaratibu uliokamilika. Ndiyo maana kurudishwa chuoni si sawa na kusafishwa jina.

Sasa linakuja swali ambalo mjomba alilijibu vizuri kuliko wote. Kama mtu mwenyewe amekiri, kumsikiliza kunasaidia nini? Alinipa mfano wa muuza sukari. Muuza sukari mzoefu anaweza kuchota kwa jicho na kikawa kilo moja kamili. Hata hivyo unamtaka aweke kwenye mizani, kwa sababu ukishamruhusu kukadiria, siku atakapokosea hutakuwa na pa kuonyesha kosa. Isitoshe, kusikilizwa hakupimi tu kama tendo lilifanyika. Kunapima uzito wake. Karatasi ya soksini ilihusu somo la siku ile, au ilisahaulika humo tangu mtihani wa juzi? Ilitumika, au haijafunguliwa? Ni kosa la kwanza? Kanuni za vyuo vyetu zina ngazi za adhabu: onyo, kufutiwa matokeo ya somo, kusimamishwa masomo kwa muda, kufukuzwa kabisa. Kati ya ngazi ya chini na ya juu kuna maisha ya mtu, na anayejua mengi kuhusu tofauti hiyo ni yule ambaye barua ya mistari miwili haikumuuliza kitu.

Kilichonifurahisha kuliko yote nilipoanza kusoma jambo hili ni kwamba mojawapo ya kesi kongwe za kanuni hii, ya kumsikiliza mtu kabla ya kumhukumu, ilihusu chuo kikuu. Mwaka 1718 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimvua shahada zake msomi mmoja mashuhuri, Richard Bentley, baada ya kuidharau mahakama ya ndani ya chuo. Alikuwa ameidharau kweli. Lakini hakuitwa kujitetea, na mwaka 1723 majaji wa Uingereza wakaamua kwamba hilo linatosha kuuangusha uamuzi. Mmoja wao, Fortescue, alikumbusha kwamba hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita: Adamu, uko wapi? Je, umekula matunda ya mti niliokukataza? Aliyeuliza alikuwa anajua jibu. Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi na bado inanisisimua, kwa sababu inagusa mahali pale pale tulipokwama hosteli. Kujua jibu hakumwondolei mwenye kuhukumu wajibu wa kuuliza.

Sheria za Uingereza zililetwa Uganda kwa amri ya mwaka 1902, na kanuni hii ikaja nazo. Huku kwetu ilipata maneno makali zaidi mwaka 1961, katika kesi ya De Souza dhidi ya Baraza la Mji wa Tanga, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Majaji walisema kwamba uamuzi uliokiuka haki ya asili, jina ambalo wanasheria huipa kanuni hii, si uamuzi, na haijalishi kama matokeo yangekuwa yale yale utaratibu ungefuatwa. Sentensi hiyo ndiyo inayozima ule utetezi ambao wakuu wa vyuo huupenda: “hata tungemsikiliza, tungemfukuza tu”.

Siku hizi Katiba ya Uganda ya 1995 inalisema waziwazi. Ibara ya 42 inampa kila anayefikishwa mbele ya chombo cha utawala haki ya kutendewa kwa uadilifu, na haki ya kwenda mahakamani kuhusu uamuzi uliotolewa dhidi yake. Ibara ya 44 inataja haki nne tu zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote. Haki ya kusikilizwa imewekwa pamoja na kutoteswa na kutofanywa mtumwa. Tofauti na zamani ni kubwa. Abu Mayanja, aliyekuja kuwa mwanasiasa mashuhuri wa Uganda, alipofukuzwa Makerere baada ya mgomo wa chakula wa 1952, hakuokolewa na ibara yoyote. Gavana wa kikoloni, Andrew Cohen, ndiye aliyemsaidia kwenda kusoma Cambridge. Ilikuwa hisani, na hisani haidaiwi.

Lakini mtu asikimbilie wakili kabla ya kujua mipaka. Kanuni za mwaka 2009 za mapitio ya mahakama, yaani ile njia ya kumwomba jaji akague uamuzi wa chombo cha umma, zinataka ombi lipelekwe haraka, na kwa vyovyote ndani ya miezi mitatu tangu sababu ya malalamiko ilipotokea, isipokuwa mahakama ione sababu nzuri ya kuongeza muda. Marekebisho ya 2019 yanamtaka mlalamikaji awe amemaliza kwanza njia za ndani, yaani rufaa ya chuo chenyewe kama ipo. Masharti hayo mawili huwabana wengi: mtu anasubiri jibu la rufaa huku miezi inakwisha. Na mapitio haya yanalenga vyombo vinavyotumia mamlaka ya umma. Aliye chuo binafsi huenda akalazimika kuanza na hoja hiyo, au kudai kwa njia ya mkataba wake na chuo.

Jirani yangu aliitwa tena muhula uliofuata. Safari hii barua ilikuwa na kurasa tatu: tuhuma, kanuni iliyovunjwa, tarehe na chumba cha kikao, na nakala ya taarifa ya msimamizi wa mtihani. Msimamizi huyo katika kikao cha kwanza alikuwa amekaa kama mjumbe. Sasa alikuja kama shahidi, akatoa maelezo, akatoka. Jirani yangu alikiri kama alivyokiri kwetu. Akaeleza pia kwamba karatasi haikufunguliwa, na msimamizi alipoulizwa akakubali kuwa aliikuta bado imekunjwa. Wakamsimamisha masomo mihula miwili. Alienda kwao Arua, akauza vipuri vya pikipiki katika duka la kaka yake, na mihula ilipokwisha akarudi kumaliza.