Kula nje jijini: tunayoaminishana kuhusu vibanda, migahawa na masoko

Kila mtu akifika kwenye jiji jipya anakuwa na kanuni zake za kutafuta chakula, mwingine kaambiwa na shangazi yake, mwingine kaona kwenye video, na nyingi ya hizo kanuni zinamfanya mtu aangalie ukuta, mapazia na meza wakati chakula chenyewe kiko jikoni. Mimi nimekula sana nje, kwenye migahawa yenye vitambaa vyeupe mezani na kwenye vibanda vya kula umesimama, na ninachokiamini ni hiki: angalia moto, angalia mikono, angalia chakula kinaisha kwa kasi gani. Hayo mengine mengi ni maneno tu, na baadhi yanawaumiza watu wasio na kosa.

Dhana: kibandani ni hatari, mgahawani ni salama

Hii ndo kubwa kuliko zote. Jamani bakteria hajui bei ya sahani aliyokaa, kinachomzuia ni joto. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kikiwa cha moto kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi kikae chini ya nyuzi 5, na kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Sasa mtu anayekaanga mbele yako, kitu kinatoka kwenye mafuta kinaingia mkononi mwako, hizo saa 2 zitatoka wapi? Halafu chukua bufee ya hoteli kubwa, vyombo vinang'aa, moto wa chini ulishazima kitambo na hakuna aliyegundua, chakula kimebaki vuguvugu na kila anayepita anashika kijiko kilekile. Mimi kwenye bufee nafunua mfuniko kwanza, mvuke ukinipiga usoni napakua, nikikuta vuguvugu nafunika napita zangu.

Ila nisieleweke vibaya, sio kila kibanda ni salama eti kwa sababu ni kibanda. Kuna chakula kimepikwa asubuhi kikakaa kwenye beseni mpaka jioni, na hapo wali ndo uuogope zaidi. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinavumilia kuchemshwa, wali ukipoa polepole zinaamka na kutoa sumu, na ile sumu ya kutapisha haiondoki hata ukiurudisha jikoni ukaupasha mpaka ukafuka moshi. Kwahiyo "nipashie tu vizuri" kwa kiporo kilicholala nje haikuokoi. Na pua nayo usiitegemee, chakula kinaweza kunukia vizuri kabisa na bado kikakulaza.

Dhana: mpishi mwenye glavu ndo msafi

Juzi kati nilisimama kwenye banda moja, kijana amevaa glavu nyeusi mpya, watu wameridhika kabisa, mimi nikamfuatilia kwa macho kama dakika kumi hivi. Glavu zilezile zilipokea noti, zikarudisha chenji, zikabonyeza simu, zikafuta jasho kwenye paji la uso, zikarudi kwenye ubao wa kukatia. Hatua chache pembeni kulikuwa na mama hana glavu hata moja, ana ndoo ya koki na sabuni, hela anapokea binti yake, yeye mikono yake ni chakula tu na kila baada ya muda ananawa. Nikahamia kwa mama.

Na sio mimi tu nimeona hivyo, watafiti Marekani waliokaa wakawatazama wafanyakazi wa migahawa wakiwa kazini walikuta waliovaa glavu walikuwa wananawa mikono mara chache kuliko wasiovaa. Glavu inamfanya mtu ahisi mikono yake imeshalindwa. Na sisi walaji pia tusijidanganye na ile jeli ya mfukoni, virusi vya norovirus, ambavyo ni kati ya vinavyoumiza matumbo ya watu wengi zaidi duniani, jeli ya spiriti haiviwezi vizuri, vinataka maji yanayotiririka na sabuni.

Dhana: tumbo likikuchafuka, wa kulaumiwa ni aliyekulisha mwisho

Hii inaniuma kweli, maana nimeshaona muuzaji anakosa wateja mtaa mzima kwa kosa ambalo huenda halikuwa lake. Mtu kala usiku, asubuhi anaharisha, tayari keshatangaza kwenye kila grupu "msiende pale". Ngoja tuhesabu muda wa tangu kula mpaka kuanza kuumwa. Sumu ya bakteria wa stafilokoka ni ya haraka, dakika 30 mpaka saa 8, hapo sawa, chakula cha mwisho kinahusika sana. Norovirus inachukua saa 12 mpaka 48. Bakteria wa Salmonella saa 6 mpaka siku 6. Bakteria wa Campylobacter siku 2 mpaka 5. Homa ya ini aina ya A ndo usiseme, ni siku 15 mpaka 50, yani mpaka unaumwa umeshasahau hata jina la jiji ulilokula. Kwahiyo kabla hujamchafulia mtu jina rudi nyuma siku kadhaa, kumbuka na barafu uliyowekewa kwenye juisi (kuganda hakuui vimelea vyote, barafu ya maji mabaya ni maji mabaya), kumbuka na saladi iliyooshwa kwa maji usiyoyajua. Pilipili na bia haviui hao wadudu, ndugu zangu, wangekuwa wanakufa hivyo tusingeumwa kabisa.

Dhana: nyota za Michelin ni za sehemu za kifahari

Michelin ni kitabu cha kuwaelekeza watu migahawa mizuri, kilianza 1900 Ufaransa, ndugu wawili wenye kampuni ya matairi wakakigawa bure ili wenye magari wasafiri zaidi na matairi yaishe. Nyota zilikuja 1926. Na wenyewe wanasema nyota inatolewa kwa chakula kilichopo kwenye sahani, sio viti wala taa. Mwaka 2016 walipotoa toleo la kwanza la Singapore, vibanda viwili vya kawaida vilipata nyota, kimoja cha kuku wa sosi ya soya na kingine cha tambi za nyama ya nguruwe, watu wanapanga foleni na trei zao. Miaka minne baadaye, 2020, UNESCO wakauingiza utamaduni wa vibanda vya Singapore kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika (yani mila na desturi, sio majengo). Kingine ambacho watu hawakifikirii, wakaguzi wa hicho kitabu hawaendi kila jiji, kwahiyo jiji kukosa nyota haimaanishi halina wapishi, inawezekana hajatumwa mtu wa kuwatafuta.

Dhana: rivyuu nyingi haziwezi kudanganya

Mwaka 2017 mwandishi mmoja London, Oobah Butler, alichukua kibanda cha bustanini kwake akakisajili kama mgahawa kwenye Tripadvisor, mtandao ambao wateja wanaandika maoni yao, picha za vyakula akatengeneza na vitu kama povu la kunyolea ndevu, marafiki wakamwandikia sifa, simu zikianza kuita anawajibu tumejaa. Ndani ya miezi kama saba kikawa namba moja London nzima, na hakikuwa kimemlisha mtu hata mmoja! Sababu ya watu kuhangaika na nyota za mtandaoni iko wazi, mtafiti wa Harvard Michael Luca alikuta nyota moja zaidi kwenye Yelp, mtandao mwingine wa maoni ya wateja, inaongeza mapato ya mgahawa unaojitegemea kwa asilimia 5 mpaka 9.

Sisemi usisome. Soma zile za nyota tatu, ndo huwa na maelezo, mtu anakwambia supu ilikuwa nzuri ila tulikaa sana, hiyo ina maana kuliko kumi za "safi sana". Na picha za wateja angalia za mwezi huu, mpishi anaweza kuwa alishaondoka.

Dhana: kula wanapokula wenyeji

Ina ukweli nusu. Mwenyeji mchana anakula palipo karibu na kazini na panapomuwahisha kurudi, kwahiyo foleni ya saa saba inaweza kukuonyesha ukaribu tu. Mimi siulizi "wapi pazuri", ukiuliza hivyo unatajiwa pale wanapopelekwa wageni, nauliza "mkiwa na sherehe ya familia mnakula wapi?" na majibu yanabadilika kabisa. Foleni nayo iangalie, kama wote wameshika simu wanarekodi basi ni ya video, kama muuzaji anawaita kwa majina na anajua nani hataki chumvi, kaa hapohapo.

Dhana: sokoni kila kitu kimetoka shambani kwa muuzaji, na lazima ufike alfajiri

Wauzaji wengi wa masoko ya mijini wananunua jumla kama duka lolote, na hakuna ubaya, ila usilipie zaidi kwa hadithi ya shamba. Muulize msimu wa kitu fulani unaisha lini. Anayelima atakwambia na mvua zilivyokuwa, anayenunua jumla atakwambia kipo mwaka mzima. Alfajiri ni ya wanaonunua kwa wingi, kama mnada wa samaki wa jodari Tokyo, sisi wa kula tu tunafika baadaye kidogo jiko zikishawaka. Na hapohapo Tokyo, soko la Tsukiji lilipohamia Toyosu Oktoba 2018 wengi walisikia "Tsukiji imefungwa" wakaifuta kwenye ratiba zao, kumbe iliyohama ni sehemu ya ndani ya jumla na minada, vichochoro vya nje vyenye maduka na vibanda vya kula vilibaki palepale na bado watu wanakula.