Mgonjwa "kuzoea" sio kukata tamaa

Wenzangu manesi na nyie mnaouguza nyumbani, hii nadharia ya Roy, ya jinsi mgonjwa anavyozoea mabadiliko, tunaikariri chuoni tukifika wodini tunaiacha getini, na inaniuma.

DHANA: Mgonjwa akizoea ugonjwa ndo ameshakubali kushindwa.

UKWELI: Sista Callista Roy, mtawa na nesi wa Marekani, aliichapisha nadharia yake mwaka 1970, na wazo lilimjia akiuguza watoto, akashangaa wanavyoinuka baada ya mabadiliko makubwa. Kwake kuzoea ni kazi, mwili unapambana kwa mishipa ya fahamu na homoni, na akili nayo inapambana kwa kujifunza na kuamua.

DHANA: Kidonda kimekauka, sukari imeshuka, basi huyo kapona mpeni ruhusa.

UKWELI: Hapo umeangalia mwili tu, upande mmoja kati ya pande nne za mtu anazotaja Roy. Nilimuuguza mama mmoja mwanika dagaa kutoka huku mwaloni wanakoshushia samaki, sukari ilimla mguu mpaka ukakatwa, kidonda kikakauka vizuri kabisa, nikamfundisha kujichoma sindano ya sukari akaelewa, akaenda kwao. Haikupita muda karudi sukari iko juu, sindano ameacha. Kumbe kila siku wodini alikuwa ananiuliza "sasa dagaa nitaanikaje mwanangu?" na mimi namjibu "pona kwanza mama". Roy anasema ukishaangalia mwili angalia pia mtu anavyojiona, majukumu yake, na watu anaowategemea na wanaomtegemea. Huyu mama alikuwa analisha nyumba nzima, leo binti yake ndo anamshika mkono kwenda chooni, yaani pande tatu zote zilikuwa zinavuja damu na mimi nabadilisha bandeji ya upande wa nne.

DHANA: Ni mkaidi tu, hasikii.

UKWELI: Tafuta kichocheo kwanza, yaani kile kinachomfanya awe hivyo; Roy anavigawa aina tatu. Kile kikuu kilikuwa mguu kukatwa. Vya kuzunguka vilikuwepo, nyumba yake iko mlimani kwenye mawe kama nyingi zetu hapa Mwanza, na magongo kwenye yale mawe ni mateso. Halafu kuna vya zamani vilivyojificha, amekua akisikia mguu wa kuoza ni wa kurogwa, sasa sindano itasaidia nini? Ukimfokea haugusi hata kimoja.

DHANA: Hayo ni ya wenzetu wenye mashine.

UKWELI: Hatua za Roy ni sita: angalia anavyofanya, tafuta vichocheo, tambua tatizo, wekeni lengo, fanya, kisha pima matokeo. Mbili za kwanza ni macho na masikio tu.

Aliporudi tulikaa na binti yake tukapanga upya. Dagaa zikahamia kwenye chanja badala ya chini, binti anaanika, mama anakaa kwenye kigoda anachambua na kuwapimia wateja, na hela anashika mwenyewe. Sindano alianza tena wiki ileile.