Nati nne za Probox

Kila mwenye gereji ninayekunywa naye chai hapa Nakuru ana wimbo uleule: vijana wa siku hizi hawataki kazi. Wanachelewa, wanashinda kwenye simu, na wakishaonja mshahara wa kwanza huwaoni tena. Mimi mwenyewe nimeuimba wimbo huo miaka mingi, tena kwa sauti ya juu. Gereji yangu niliifungua mwaka 2006 nikiwa na jeki moja, seti ya spana isiyotimia na mwavuli wa kujikinga jua. Leo tuko tisa. Vijana walioingia hapa wakatoka sina hesabu yao. Na kadiri nilivyozidi kuwapoteza, ndivyo nilivyoanza kushuku kwamba mengi niliyoyaita uvivu ni hesabu tu ambayo kijana ameipiga kichwani, na mengine ni woga, na woga wenyewe niliupanda mimi.

Nitaanza na namna ninavyoajiri, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapokosea kabla kijana hajashika hata spana.

Zamani nilikuwa naangalia vyeti na kusikiliza aliyemleta. Mtu wa kanisani kwetu, mpwa wa jirani, mtoto wa mteja mzuri. Siku hizi naegesha ile Probox yetu ya kubebea spea, namkabidhi kijana jeki na wili spana, namwambia, "Toa gurudumu la mbele kushoto, halafu urudishe." Basi. Ni kazi ambayo hata makanga anaiweza. Halafu naenda kusimama mbali kidogo, najifanya naongea na simu.

Natazama kama amelegeza nati gari likiwa bado limekanyaga chini, au ameinua kwanza na sasa anahangaika na gurudumu linalozunguka naye. Natazama kama ametafuta jiwe la kuzuia magurudumu ya nyuma. Lakini jicho langu hasa liko kwenye nati. Gurudumu la Probox lina nati nne. Kuna atakayezidondosha mchangani pale pale alipochuchumaa. Kuna atakayezitia mfukoni. Na kuna mmoja kati ya wengi atakayeuliza, "Mdosi, naweza kupata tambara?" azipange juu yake, na wakati wa kurudisha apitishe kidole ndani ya kila moja kabla ya kuifunga, kisha akaze kwa kuvuka upande hadi upande badala ya kufuata mzunguko.

Chembe ya mchanga kwenye meno ya nati huifanya iwe nzito mkononi kabla haijabana. Unahisi imefika, kumbe gurudumu bado lina nafasi. Kijana huyo wa tambara huenda hajui jambo hilo. Huenda hajui hata injini ina silinda ngapi. Lakini anajua kwamba kitu ulichokitoa utakihitaji tena baada ya dakika kumi, na akili hiyo siwezi kuifundisha. Silinda nitamfundisha. Nimewahi kumwacha mwenye diploma nikamchukua aliyekuwa akiosha magari kando ya barabara, kwa sababu ya nati nne tu. Baba wa yule wa diploma hajanisalimia tangu siku hiyo.

Haya, umeshampata. Sasa kwa nini anapotea?

Mimi nilikuwa nalipa mwisho wa mwezi kama ofisi. Siku moja nilikaa chini na karatasi nikajiweka mahali pa kijana anayeanza kwangu tarehe tatu. Anakaa Kaptembwo au Kwa Rhonda. Nauli ya asubuhi na jioni, au miguu na jua. Chapati na madondo saa saba. Kodi ya chumba inadaiwa tarehe tano, siku mbili tu baada ya kuanza. Kufikia tarehe kumi na tano amekopa kwa mama mboga, amekopa kwa rafiki, na Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, imemkaa shingoni. Mshahara ukiingia, simu inakata yake kwanza, kisha wadeni wanachukua yao, na yeye anabaki na kitu cha kununua unga. Kwa hiyo tulipokuwa tukisema "ameonja mshahara akatoroka", ukweli ni kwamba hakuonja chochote. Walioonja ni wengine.

Na kando ya lango langu kuna stendi ya bodaboda.

Watu wa rika langu huwa tunasahau jambo hili. Neno bodaboda lilizaliwa Busia, kwa wale wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu na mizigo kati ya mpaka wa Kenya na wa Uganda. Ilikuwa kazi ya huko. Halafu mwaka 2008 serikali ikaondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo, zile zisizofikia 250cc, na ndani ya miaka michache kila njia panda ikawa na stendi. Mimi niliona kwa macho yangu. Kabla ya hapo kijana asiye na mtaji alikuwa na shamba la watu, mjengo, utaniboi wa lori, au mimi. Mimi nilikuwa na haki ya kumtukana, kumlipa nikitaka, na kumweka mwaka mzima akifua vipuri kwa mafuta ya taa, naye angesema "asante mdosi". Leo akiudhika asubuhi, saa nane mchana anaweza kuwa juu ya pikipiki ya mtu, jioni akampa mwenyewe chake, akalala na hela mfukoni. Ana pa kwenda. Hasira yetu nyingi dhidi ya vijana, nikisema kweli, ni hasira ya mtu aliyezoea kuwa peke yake sokoni.

Sasa mwezi wa kwanza nalipa kila jioni, mia nane. Mwezi wa pili nalipa kila Jumamosi. Akishakaa sawa anachagua mwenyewe, na wengi huchagua wiki mbili. Wanaopotea wamepungua sana. Hawajaisha.

Hesabu nyingine ni ile ya siku ishirini na tisa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda unaotimia mwezi, huyo si kibarua tena. Anahesabiwa kama mtu wa mkataba wa mwezi, na haki zake zinabadilika. Kuna waajiri mji huu wanaojua kifungu hicho kuliko wakili, na kazi yao ni kumsimamisha kijana siku moja kabla, wampumzishe, wamwite tena kama mgeni. Kijana aliyefanyiwa hivyo mara tatu, mahali patatu, anakuja kwangu akiwa tayari ameshajifunza: usitie moyo, hapa ni kupita tu. Anafanya kazi kama mtu anayesubiri matatu. Mimi namlaumu kwa alichofundishwa na jirani yangu. Sheria hiyohiyo imenipa kipindi cha majaribio cha hadi miezi sita. Nusu mwaka wote huo ninao wa kumtazama mtu; wa nini mchezo wa siku ishirini na tisa?

Nije kwenye woga, ambao ulinigharimu injini.

Miaka kadhaa iliyopita mteja wangu, mwalimu, aliniletea Premio kumwaga oili kabla ya safari ya Eldoret. Kazi ya nusu saa. Nilimpa kijana mmoja mpole, mwenye bidii, aliyekaa nasi miezi minne. Alipokuwa akirudisha plagi ya chini aliikaza kupita kiasi, meno ya sampu, lile beseni la oili chini ya injini, yakakatika. Kila fundi limemkuta hilo. Dawa yake ni tapu: unakata meno mapya, unaweka plagi ya saizi ya juu, unaendelea na maisha. Yeye alipaka silikoni, akaisukuma plagi ikashika, akafuta pakakauka, akaniambia tayari. Mwalimu alifika karibu na Salgaa. Oili ilikuwa imebaki barabarani, naye taa nyekundu aliiona akiwa amechelewa.

Nilipomuuliza kijana, hakukana. Alitazama viatu vyake akasema, "Mdosi, niliogopa. Mwezi uliopita ulinikata elfu mbili za ile taa."

Ile taa iliponyoka mikononi mwake. Haikuwa ujeuri. Nilimkata kwa sababu mimi pia nilikatwa na mzee aliyenifundisha kazi, na nilidhani ndivyo nidhamu inavyofundishwa. Baadaye mteja wangu mmoja, karani wa mahakama, akanionyesha kifungu cha 19 cha sheria ileile: mwajiri anaweza kukata kiasi cha haki kwa uharibifu ambao mfanyakazi ameusababisha kwa makusudi. Makusudi. Kuponyokwa hakumo. Kwa hiyo nilikuwa navunja sheria, na juu ya hayo nilikuwa nafundisha vijana wangu somo moja tu kwa ufasaha: ukiharibu, ficha. Zile elfu mbili nilizookoa nilizilipa kwa injini nzima iliyotumika kutoka Japani, na kazi ya siku mbili bure.

Tulibadilisha. Ukivunja kitu ukaniambia kabla ya saa kumi na moja jioni, hukatwi hata shilingi, tunarekebisha pamoja. Ukificha nikaja kujua, tunaachana siku hiyohiyo. Wiki ya kwanza waliokuja kukiri walikuwa watatu, na wa kwanza hakuwa kijana. Alikuwa fundi wangu mkuu, mzee wa miaka hamsini na mbili, aliyekuwa akikata boliti na kunyamaza tangu nimjue. Tangu hapo akianza ule wimbo wa vijana wa siku hizi, mimi namtazama tu, naye ananyamaza.

Sitaki mtu afikiri nimekuwa malaika. Wapo wasiosaidika. Nilikuwa na mmoja mwenye mikono ya dhahabu, aliyekuwa akicheza kamari kwenye simu kuanzia asubuhi. Nilimlipa kwa siku, nikamlipa kwa wiki, nikamshikia akiba, bado pesa haikuvuka usiku. Akaanza kuuza spea za wateja. Huyo sikumhurumia. Na wapo wanaodhani wiki sita kwenye gereji zinatosha kuitwa fundi, wakamchukua mteja wangu langoni kimyakimya wakamharibie gari mtaani. Siku hizi hilo lanichekesha, kwa sababu gari hurudi kwangu.

Simu yenyewe nimeacha kupigana nayo. Nilijaribu kikapu cha kuzikusanya asubuhi, kikadumu siku nne. Halafu ikaja gari moja iliyokosa nguvu mlimani, fundi mkuu akaamua ni pampu ya petroli, tukawa tunatafuta pampu. Kijana wa atachmenti, mwanafunzi wa chuo aliyekuja kujifunza kazini, mwezi wake wa pili, akachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ikatoa namba ya kosa, P0171. Akaingia kwenye simu dakika kumi, akarudi na chupa ya maji ya sabuni, akanyunyiza kwenye mipira ya hewa injini ikiunguruma. Mlio ukabadilika pale kwenye mpira mmoja uliopasuka upande wa chini, ambapo jicho halifiki. Hewa ilikuwa inaingia bila kupimwa, mchanganyiko wa hewa na petroli ukawa mwepesi. Mpira tulioubadilisha haukufika hata robo ya bei ya pampu. Magari tunayopokea hayaruhusiwi kuingia nchini yakiwa yamezidi miaka minane, kwa hiyo kila mwaka yanakuja yenye kompyuta zaidi. Huyu mtoto nimnyang'anye simu kisha anisaidie na nini?

Waliojifunza kazi hapa bila kwenda chuo nawapeleka mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya kazi, kuanzia gredi ya tatu, na ada nalipa mimi. Wenzangu wananicheka: ukimpa karatasi ataondoka. Ni kweli, wawili wameondoka. Mmoja yuko Kisumu na kila gari linalomshinda gea ya CVT ananipigia, "Mdosi, hebu niambie", na mara mbili amenitumia mteja. Asiyekuwa na karatasi pia huondoka, tofauti ni kwamba huondoka akinisema vibaya.

Jumatatu nina wawili wanaokuja kujaribiwa. Probox tayari nimeiegesha pale kwenye mchanga, na tambara nimelitundika nyuma ya mlango wa stoo, mahali pasipoonekana, ili atakayelitaka aulize.