Sindano kwanza, mota baadaye: kuchagua pleya ya santuri na katriji

Anayetaka kununua pleya ya santuri huniuliza kwanza habari za mota: achukue ile inayozungusha sahani kwa mkanda au ile inayoizungusha moja kwa moja? Wengine huulizia mbao, rangi, au jina la kampuni. Nawaelewa, maana hivyo ndivyo vinavyoonekana kwenye picha. Lakini kazi yangu ni kufunga katriji, yaani kile kichwa kidogo kinachobeba sindano, na kurekebisha mikono ya pleya, na ninachokiona kila mara ni kwamba sauti hupatikana au hupotea mahali padogo mno, pale ncha ya almasi ya sindano inapogusa ukuta wa mfuo, ule mfereji mwembamba uliochongwa kwenye santuri. Kwa hiyo ushauri wangu huenda kinyume na mazoea: chagua sindano, tafuta mkono unaoweza kuibeba, kisha ndipo tuzungumze kuhusu mota.

Sababu iko kwenye santuri yenyewe. LP, yaani santuri ya muda mrefu ambayo kampuni ya Columbia waliitoa mwaka 1948, huzunguka mara 33⅓ kwa dakika tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Mzunguko haubadiliki, ila mwendo wa mfuo chini ya sindano hubadilika sana. Ukingoni, mfuo hupita kwa takriban sentimita 51 kila sekunde. Ukikaribia lebo, mwendo huo umeshuka hadi kama sentimita 21. Sasa chukua sauti ya hezi 10,000 (mitetemo 10,000 kwa sekunde), yaani ule ukali wa herufi "s" mwimbaji anapotamka, au mlio wa tasa za ngoma. Ukingoni, wimbi moja la sauti hiyo limechongwa kwenye urefu wa maikroni 51 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Karibu na lebo, wimbi lilelile limebanwa kwenye maikroni 21. Sindano ya bei ya chini kabisa ina ncha ya duara yenye nusu kipenyo cha maikroni 15 hadi 18. Ncha hiyo ni nene kuliko vijikunjo inavyotakiwa kuvisoma, kwa hiyo hupita juu juu na kuruka sehemu ya habari iliyoandikwa pale.

Matokeo yake unaweza kuyasikia bila kifaa chochote. Weka santuri yenye mwimbaji wa kike na vyombo vichache. Sikiliza wimbo wa kwanza, kisha wa mwisho wa upande huohuo. Kama katika ule wa mwisho kila "s" inatoka na mchakaricho, kana kwamba mwimbaji anatema hewa kwenye maikrofoni, usikimbilie kulaumu spika wala amplifaya. Hilo ni suala la ncha, au la namna katriji ilivyofungwa, na mara nyingi ni yote mawili.

Ndiyo maana kuna ncha za maumbo tofauti. Ya duaradufu ina upande mwembamba wa maikroni 7 au 8 hivi unaogusana na ukuta wa mfuo, na hiyo peke yake ni hatua kubwa. Juu yake kuna ncha zilizochongwa kwa ustadi zaidi. Ncha ya Shibata ilibuniwa Japani na Norio Shibata miaka ya 1970, wakati kampuni ya JVC walipokuwa na mfumo wao wa chaneli nne uliohitaji kusoma mawimbi ya zaidi ya hezi 40,000, mbali kabisa na uwezo wa sikio. Mfumo ule ulikufa, ncha ikabaki. Kisha kuna maikrolaini, ambayo umbo lake linakaribia lile la kisu kinachochonga mfuo kiwandani. Ncha hizi huugusa ukuta kwa mstari mrefu wa wima badala ya kanukta kadogo, kwa hiyo mgandamizo unasambaa na almasi inadumu zaidi. Audio-Technica, kwa mfano, hukadiria saa 300 kwa ncha zao za duaradufu, 500 kwa za duara, 800 kwa Shibata na 1,000 kwa maikrolaini. Unaponunua sindano nzuri, basi, sehemu ya fedha zako inanunua saa.

Ila ncha nyembamba haisamehe. Ikikaa upande kidogo tu, uzuri wake wote unaondoka, na unaweza kusikia vibaya kuliko mwenye ncha ya duara iliyofungwa sawasawa. Ndiyo sababu sipendi kumuuzia mtu maikrolaini kama hana nia ya kuifunga vizuri.

Sasa tuje kwenye mkono, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapopotezwa na matangazo. Sindano imeshikwa na kijiti chembamba, na kijiti kimeshikwa na mpira mdogo ndani ya katriji. Mpira huo una unyumbufu wake: kuna katriji laini na kuna katriji ngumu. Mkono nao una uzito wake tendaji, yaani uzito unaohisiwa pale kwenye ncha mkono unaposogea. Uzito juu ya kitu chenye unyumbufu lazima utakuwa na mtetemo wake wa asili, na swali ni mtetemo huo uangukie wapi. Ukiangukia chini sana, kwenye hezi 5 au 6, utaamshwa na kila santuri iliyopinda kidogo na kila hatua ya mtu anayepita chumbani. Ukiwa juu sana, utaingia kwenye besi ya muziki. Tunalenga kati ya hezi 8 na 12.

Hesabu yake si ngumu. Jumlisha uzito tendaji wa mkono, uzito wa katriji na wa skrubu zake, kwa gramu. Zidisha kwa unyumbufu wa katriji, ambao hutolewa kwa maikromita kwa kila milinyutoni. Tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha gawanya 159 kwa namba hiyo. Tuseme mkono ni gramu 11, katriji 6, skrubu 1: jumla 18. Kwa katriji yenye unyumbufu wa 20 unapata hezi 8.4, ambayo ni salama. Kwa katriji ya 10 unapata karibu 12, bado inafaa. Ukiweka katriji laini sana ya 35 kwenye mkono huohuo unaangukia 6.3, na hapo ndipo matatizo yanapoanza. Angalizo moja: kampuni nyingi za Japani hupima unyumbufu kwa hezi 100 badala ya 10, na namba yao hutoka ndogo. Izidishe kwa 1.5 hadi 2 kabla ya kuitumia.

Ukitaka kuona ndoa isiyofaa kati ya mkono na katriji, toa kitambaa cha mbele cha spika zako na utazame koni za besi wakati santuri inacheza. Zikiwa zinaingia na kutoka taratibu, kwa mwendo mrefu, hata pale ambapo hakuna besi yoyote kwenye muziki, ujue mkono unayumba. Amplifaya inatumia nguvu zake kusukuma kitu usichokisikia, na kile unachokisikia kinapoteza uthabiti. Nimeona watu wakibadilisha spika kwa tatizo hili. Kumbe dawa ilikuwa katriji ngumu kidogo.

Kuhusu aina mbili kuu za katriji, sitaki kuwasha ugomvi wa zamani. Katika katriji ya sumaku inayotembea, sumaku ndogo imefungwa kwenye kijiti na koili zimetulia. Katika ile ya koili inayotembea ni kinyume chake. Ya kwanza hutoa umeme wa takriban milivolti 3 hadi 5, na sindano yake huchomolewa kwa mkono. Ya pili kwa kawaida hutoa milivolti 0.2 hadi 0.5 tu, inahitaji priamplifaya (kikuzaji kinachotangulia amplifaya) yenye nguvu zaidi na yenye ukimya mkubwa, na sindano ikiisha, katriji nzima hurudi kiwandani au hubadilishwa. Zipo za koili ninazozipenda sana. Denon DL-103 ilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la utangazaji la Japani, NHK, na bado inauzwa. Ina ncha ya duara na unyumbufu mdogo, inataka mkono mzito, na ikipata mkono wake inaimba kwa mwili na joto ambalo karatasi za vipimo hazilielezi. Lakini kwa mfumo wa kwanza wa nyumbani, nakushauri sumaku inayotembea bila kusita.

Na ndani ya kundi hilo, chukua katriji ambayo mwili wake unapokea sindano zaidi ya moja. Mfululizo wa AT-VM95 wa Audio-Technica una mwili mmoja unaokubali sindano ya duara, ya duaradufu, maikrolaini na Shibata. Ortofon, kampuni ya Denmaki iliyoanzishwa mwaka 1918, imefanya vivyo hivyo kwa 2M Red na 2M Blue: sindano ya Blue inaingia kwenye mwili wa Red. Unaanza na sindano ya kawaida, unajifunza kuifunga, na ikiisha unapanda ngazi bila kununua kila kitu upya.

Priamplifaya ya fono watu huisahau. Tangu mwaka 1954 santuri zimekuwa zikichongwa kwa kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki cha Marekani: besi hupunguzwa ili mfuo usipanuke, na sauti za juu hupandishwa ili zishinde mchakaricho wa plastiki. Wakati wa kucheza lazima kazi hiyo igeuzwe, besi ya hezi 20 ipandishwe kwa karibu desibeli 20 na sauti za hezi 20,000 zishushwe kwa kiasi hichohicho. Ukichomeka pleya kwenye tundu la kawaida la amplifaya, utapata sauti ndogo na kavu, isiyo na besi. Kwa sumaku inayotembea tafuta ingizo lenye ukinzani wa kilo-omu 47, na angalia pia jumla ya pikofaradi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme, za waya na priamplifaya. VM95 zinataka 100 hadi 200, 2M zinataka 150 hadi 300. Zikizidi, sauti za juu hupata mwinuko unaochosha sikio.

Sasa mota. Technics walitoa SP-10 mwaka 1970, pleya ya kwanza ya kuuzwa yenye mota inayozungusha sahani moja kwa moja, na SL-1200 ikafuata mwaka 1972. Upande wa mkanda, wafuasi wa Linn Sondek LP12 ya Scotland walisisitiza kwa miaka mingi kwamba pleya huja kabla ya kila kitu kingine. Mimi naiheshimu mashine ile, ila hoja yao siikubali yote. Pleya yoyote iliyotengenezwa kwa uadilifu, ya mkanda au ya moja kwa moja, huzunguka vizuri kiasi kwamba kosa la katriji litasikika kabla ya kosa la mota. Ya moja kwa moja hushika kasi upesi na haina mkanda wa kuchoka. Ya mkanda huweka mota mbali na sahani, na mkanda hufyonza sehemu ya mtetemo wake. Chagua unayoipenda.

Nisichokubali ni mkono usiorekebishika. Nikiishika pleya mpya, naweka mkono wake katika mizani hadi uelee wenyewe, kisha naugusa kwa kidole polepole. Lazima uende na kurudi bila kukwama popote. Halafu naushika kichwani na kuutikisa kidogo sana: ukisikia mlegeo kwenye beringi zake, iache. Uwe na uzani wa nyuma wa kurekebisha mgandamizo wa sindano juu ya santuri, uwe na kidhibiti cha mvuto wa kuelekea katikati, na matundu ya skrubu yaruhusu katriji kusogezwa mbele na nyuma. Zile pleya za begi, zenye katriji ya seramiki na mgandamizo wa gramu 5 au zaidi, hazina hata kimoja kati ya hivyo. Siwezi kumshauri mtu aweke juu yake santuri anayoithamini.

Kufunga kunahitaji mizani ndogo ya kidijitali na karatasi ya kupangia yenye nukta mbili. Kwa mpangilio wa Baerwald, mojawapo ya njia za kupanga katriji, nukta hizo ziko milimita 66 na 120.9 kutoka katikati ya santuri. Shusha sindano kwenye nukta ya kwanza, inama hadi jicho lako liwe usawa wa sahani, na utazame kijiti chenyewe badala ya mwili wa katriji, kwa sababu kijiti mara nyingine hutoka kiwandani kimepinda kidogo. Kilingane na mistari, kisha fanya hivyo kwenye nukta ya pili. Usikaze skrubu moja hadi mwisho kabla ya nyingine, katriji itageuka. Mgandamizo uwe kama mtengenezaji alivyosema, mathalani gramu 2 kwa VM95, na ukibabaika kati ya zaidi na pungufu, nenda upande wa zaidi ndani ya kiwango chao. Sindano nyepesi kupita kiasi hurukaruka ndani ya mfuo na kuugonga, na madhara yake kwenye santuri ni makubwa kuliko ya sehemu ya kumi ya gramu iliyozidi.

Ukinunua pleya iliyotumika, hesabu sindano yake kuwa imekwisha hata kama muuzaji anakuapia. Kwa katriji za Shure, ambao waliacha kuzitengeneza mwaka 2018, Jico wa Japani bado hutengeneza sindano mbadala nzuri. Na kama umerithi santuri nzito za mzunguko wa 78, hizo zina mifuo mipana na zinataka ncha ya takriban maikroni 76. Mwili wa VM95 una sindano yake kwa kazi hiyo, yenye alama SP, inayofanya kazi kwa gramu 5. Kabla hujaiagiza, hakikisha uzani wa nyuma wa mkono wako unafika huko, na kwamba pleya ina kasi ya 78. Nyingi za kisasa zina 33 na 45 tu.