Pambano la deki kwa deki: maana yake na namna linavyoongoza uchaguzi wa karata

Katika karata za kawaida, zile za kopa, uru, pau na shupaza, wachezaji wote hutumia jozi moja ya karata 52. Zikishachangwa na kugawiwa, kila mtu hutegemea alichopata mkononi na akili yake. Michezo ya karata za kukusanya, kama Magic: The Gathering, Pokémon na Yu-Gi-Oh!, haiendi hivyo. Humo kila mchezaji huja na jozi yake mwenyewe, aliyoichagua karata moja moja kutoka katika maelfu yaliyochapishwa. Jozi hiyo ndiyo deki. Wawili wanapoketi mezani, deki mbili nazo zimekutana, na mara nyingi mojawapo ina nafuu hata kabla karata ya kwanza haijavutwa. Nafuu hiyo, pamoja na yote yanayotokana na deki hii kukutana na ile, ndiyo tunayoiita pambano.

Mifano yangu mingi inatoka Magic. Ndio mchezo ulioanzisha aina hii mwaka 1993, ulipobuniwa na mwanahisabati Richard Garfield na kuchapishwa na kampuni ya Wizards of the Coast ya Marekani, na ndimo fikra nyingi kuhusu pambano zilimozaliwa. Kanuni zake za msingi ni chache. Kila mchezaji huanza na pointi 20 za uhai na karata saba mkononi. Karata za ardhi hutoa mana, na mana ndiyo inayolipia viumbe na uchawi. Deki iwe na karata 60 au zaidi, na isipokuwa ardhi za kawaida, karata yenye jina moja isizidi nakala nne. Pembeni unaruhusiwa karata 15 za akiba. Katika mashindano mengi, anayetangulia kushinda michezo miwili kati ya mitatu ndiye mshindi wa mechi, na baada ya kila mchezo mnaweza kuingiza karata za akiba na kutoa nyingine.

Mchezaji mgeni akipewa kanuni hizi, jambo la kwanza analofanya ni kutafuta karata zenye nguvu kuliko zote na kuzirundika pamoja. Inaeleweka, lakini ndiyo njia fupi ya kupata deki mbovu. Mwaka 1996 huko Atlanta, Paul Sligh alishika nafasi ya pili katika mashindano ya kufuzu akitumia deki nyekundu iliyotokana na fikra za Jay Schneider. Ndani yake kulikuwa na karata ambazo wengi waliziona garasa. Ironclaw Orcs, kwa mfano, ni kiumbe cha mana mbili ambacho hakiwezi hata kumzuia kiumbe mwenye nguvu ya mbili au zaidi. Lakini kila zamu deki ile ilikuwa na kitu cha kufanya kwa mana iliyokuwa nayo. Zamu ya kwanza kitu cha mana moja, ya pili cha mana mbili, na kuendelea. Wapinzani waliojaza deki zao vitu vya bei kubwa walikuwa bado wanasubiri ardhi zitimie huku uhai wao ukiyeyuka. Dhidi ya wapinzani wa namna ile, Ironclaw Orcs haikuwa garasa hata kidogo. Thamani ya karata huonekana mbele ya karata za mtu mwingine, na hapo ndipo wazo zima la pambano linapokaa.

Chukua mfano ulio dhahiri zaidi. Kuna deki iitwayo Tron, iliyojengwa juu ya ardhi tatu za Urza. Moja moja ni ardhi dhaifu, lakini zikikutana zote tatu hutoa mana saba kwa pamoja, na hilo linawezekana tangu zamu ya tatu. Kwa mana saba Tron humshusha Karn Liberated, ambaye anaweza kukuondolea kitu chochote mezani. Deki inayocheza polepole, inayotaka kubadilishana karata moja kwa moja hadi mpinzani aishiwe, huteseka sana hapo, kwa kuwa haina la kuzibana ardhi na haina haraka ya kumaliza mchezo. Sasa mkalishe Tron mbele ya deki ya moto. Lightning Bolt hugharimu mana moja na huunguza pointi tatu, maana yake Lightning Bolt saba zinatosha kumaliza uhai wote wa mtu. Deki ya moto imejaa karata za namna hiyo. Zamu zile mbili ambazo Tron anazitumia kutafuta ardhi zake ndizo mwenye moto anazozihitaji. Basi Tron ni deki nzuri au mbaya? Swali hilo halijibiki mpaka useme anacheza na nani.

Ukilikubali hilo, unalazimika kuujua ukumbi. Wachezaji huita meta mchanganyiko wa deki zinazotarajiwa kuletwa mahali fulani kwa wakati fulani. Tuseme deki yako hushinda mara 70 katika 100 dhidi ya deki za kasi, mara 35 dhidi ya deki za kudhibiti zenye kuzuia kila unachofanya, na mara 50 dhidi ya zilizobaki. Ukumbi ukiwa na nusu ya kasi, asilimia 20 ya kudhibiti na asilimia 30 ya nyinginezo, utashinda kama asilimia 57 ya michezo yako. Geuza hesabu, kasi iwe asilimia 20 na kudhibiti iwe nusu, na ushindi wako utashuka hadi asilimia 46.5. Hujabadilisha hata karata moja, na hujawa mzembe. Umebadilishiwa watu wa kucheza nao tu. Ndiyo maana deki iliyotwaa kombe Jumamosi hii inaweza kuwa chaguo baya Jumamosi ijayo, maana kila mtu ameiona na amekuja na dawa yake.

Pambano halimaliziki kwenye asilimia, kwa sababu linakuambia pia namna ya kucheza. Mwaka 1999 mchezaji na mwandishi Mmarekani Mike Flores aliweka wazi hoja ambayo hadi leo hakuna mchezaji makini asiyeifahamu. Kila deki mbili zinapokutana, mmoja lazima awe mshambuliaji na mwingine mlinzi, na anayekosea kuitambua nafasi yake huupoteza mchezo ambao angeushinda. Hoja inaonekana nyepesi mpaka uiweke mezani. Tuseme mimi nina deki nyekundu yenye viumbe wa ukubwa wa kati. Nikikutana na deki ya kudhibiti yenye Wrath of God, karata ya mana nne inayoua viumbe wote kwa pigo moja, mimi ni mshambuliaji. Muda uko upande wake. Kila zamu inayopita anavuta majibu zaidi, kwa hiyo Lightning Bolt yangu naielekeza kwenye uhai wake, na siwatoi viumbe wangu wote kwa mara moja, wasije wakafagiliwa pamoja.

Mechi inayofuata nakutana na deki nyekundu kama yangu, lakini nyepesi zaidi, yenye viumbe wa mana moja na mbili tupu. Mazoea yananiambia nishambulie, kwa kuwa deki yangu ni ya kushambulia. Hapo ndipo wengi huzama. Katika mbio za kasi tupu yeye ananishinda, kwani amejengwa kwa mbio. Mchezo ukirefuka, viumbe wangu wakubwa wanawameza wake wadogo. Basi nafasi yangu imegeuka na mimi ni mlinzi. Lightning Bolt ileile niliyomrushia mtu mechi iliyopita sasa naipigia kiumbe wake wa zamu ya kwanza, nazuia mashambulizi, nalinda uhai, nangoja. Ukitaka kujua nafasi yako, jiulize maswali machache yasiyo na mzunguko: nani ana madhara mengi ya mapema? Nani ana karata nyingi za kuondoa viumbe? Nani ana njia ya kuvuta karata za ziada? Anayefaidika na mchezo mrefu ndiye mlinzi, na mwenzake hana budi kuharakisha, apende asipende.

Deki mbili zinazofanana kabisa zikikutana, nafasi hazikai ndani ya deki tena. Huamuliwa na karata saba za mwanzo na zamu ya kuanza. Anayeanza hukosa karata ya zamu ya kwanza, lakini yuko mbele kwa mana, na mara nyingi yeye ndiye hubeba jukumu la kushambulia.

Sasa tuje kwenye akiba, sehemu ninayoipenda kuliko zote na inayodharauliwa kuliko zote. Katika mechi ya michezo mitatu, mchezo mmoja tu huchezwa kwa deki kama ulivyoileta. Uliobaki, au miwili iliyobaki, huchezwa baada ya akiba kuingia. Mfano mzuri ni deki ya Dredge, iliyotokana na uwezo ulioingia mwaka 2005. Badala ya kuvuta karata, mchezaji anatupa kaburini, yaani kwenye rundo la karata zilizotumika au kufa, karata kadhaa za juu ya deki yake na kuirudisha mkononi karata yenye uwezo huo. Golgari Grave-Troll peke yake hutupa sita. Deki hii hulifanya kaburi kuwa ghala lake, na katika mchezo wa kwanza wapinzani wengi hawana la kulifanya kaburi hilo. Kisha wanaingiza Leyline of the Void, karata ambayo ikiwa mkononi mwako mwanzoni huanza mchezo ikiwa tayari mezani bila malipo, na kila karata ya mpinzani iliyokuwa iende kaburini huondolewa kabisa mchezoni.

Fanya hesabu. Tuseme Dredge hushinda mchezo wa kwanza kwa asilimia 75, na baada ya akiba kuingia hushinda asilimia 40 tu. Ushindi wake katika mechi nzima unakuwa asilimia 52. Ubabe wote ule wa mchezo wa kwanza umebaki kuwa nafuu ndogo. Anayeandika maelezo ya pambano kwa kutazama mchezo wa kwanza peke yake anajidanganya.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini watu huweka nakala nne za Leyline na si mbili. Katika deki ya karata 60, nakala nne zinakupa takriban asilimia 40 ya kuwa na angalau moja katika karata saba za mwanzo. Kwa kanuni iliyotumika tangu 2019, ukizikataa saba hizo unavuta saba nyingine kisha unarudisha moja chini ya deki. Ukiwa tayari kufanya hivyo mara moja kuitafuta Leyline, nafasi yako inapanda hadi kama asilimia 64. Na hapa pia ndipo ilipo sababu ya kutozidisha karata 60. Deki ikiwa na karata 80, ile asilimia 40 ya mwanzo inashuka hadi 31. Kila karata nzuri ya sitini na moja inazisukuma mbali zile bora.

Kosa la kawaida katika akiba ni kuangalia kinachoingia na kusahau kinachotoka. Mtu ana karata tisa kali dhidi ya mpinzani wake, anaziingiza zote, na anapomaliza amevunja mashine yake mwenyewe. Ana majibu kwa kila kitu ila hana cha kushindia. Njia ninayoiamini ni kuanzia mwisho. Andika deki unazotarajia ukumbini, na kwa kila moja andika karata 60 ambazo ungetamani kuwa nazo mbele yake. Kisha jumlisha karata zote tofauti ulizozitaja. Zikizidi 75 itabidi uchague pambano la kulitoa mhanga, na uamuzi huo ufanyike nyumbani, kwa utulivu. Katika Yu-Gi-Oh! akiba pia hufika 15, na deki huanzia karata 40. Pokémon haina akiba kabisa, kwa hiyo karata ya kumkomesha mpinzani fulani inalazimika kukaa ndani ya zile 60, hata katika mechi ambazo haitakuwa na kazi. Hapo kila nafasi ni dau juu ya utakayekutana naye.

Mambo yote haya yanategemea sharti moja, kwamba kila deki ina mpinzani anayeisumbua. Sharti hilo likivunjika, uchaguzi nao unakufa. Mwezi Juni 2019 Magic ilitoa Hogaak, Arisen Necropolis, kiumbe wa 8/8 (nguvu nane za kupiga na nane za kustahimili) asiyelipiwa mana hata moja, ambaye hutokea kaburini kwa kutumia viumbe wengine na karata zilizomo humo. Mwezi Julai, Bridge from Below, mojawapo ya karata za deki yake, ilipigwa marufuku, na deki ikaendelea. Wachezaji wakaitoa Leyline of the Void kwenye akiba na kuiweka ndani ya karata 60 za kwanza, jambo ambalo kwa kawaida lingekuwa upuuzi, maana mbele ya deki isiyotegemea kaburi karata hiyo haina kazi yoyote. Hata hivyo Hogaak haikushikika, mpaka yenyewe ilipopigwa marufuku katika Modern, mojawapo ya mifumo ya mashindano ya Magic, tarehe 26 Agosti mwaka huohuo.