Maji Hayagumishi Kila Chuma: Dhana Potofu Kuhusu Chuma na Moto

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba chuma chochote kikipashwa moto hadi kiwe chekundu, kisha kikatumbukizwa majini, hutoka kigumu. Ukweli ni kwamba maji hayaongezi kitu ndani ya chuma. Kazi yake ni kukipoza haraka tu, na manufaa ya haraka hiyo hutegemea kaboni iliyokuwamo tangu mwanzo. Chuma chenye kaboni kikivuka nyuzijoto 727 za Selsiasi, atomi zake huanza kujipanga upya katika umbo liitwalo austenaiti, ambalo lina nafasi ya kuhifadhi kaboni nyingi. Kikiachwa kipoe polepole, sehemu kubwa ya kaboni hiyo hujitenga na kuunda tabaka nyembamba za kabidi (muungano mgumu wa chuma na kaboni) zinazopishana na tabaka za chuma laini, na mpangilio huo huitwa pealaiti. Kikipozwa ghafla, kaboni hukosa muda wa kujitenga, hunaswa na kuzipinda safu za atomi, na hapo hupatikana martensaiti, mpangilio mgumu uliopewa jina la Mjerumani Adolf Martens, aliyechunguza vyuma kwa hadubini katika karne ya 19. Chuma laini cha kutengenezea mageti, ambacho kaboni yake kwa kawaida haifiki asilimia 0.25, hakina kaboni ya kutosha kukipa kisu makali ya kudumu. Jani la springi ya gari huwa na zaidi ya asilimia 0.5, na tupa nzuri hukaribia au kupita asilimia 1. Ndiyo maana wahunzi huviokota hivyo na kuviacha vipande vya geti.

Wapo pia wanaoamini kwamba chuma kigumu zaidi ndicho imara zaidi. Martensaiti iliyotoka majini sasa hivi ni ngumu lakini huvunjika kama kioo, na tindo iliyoachwa katika hali hiyo inaweza kurusha kipande machoni mwa anayeigonga. Kinachokosekana ni kupashwa mara ya pili kwa moto mdogo, nyuzijoto 200 hadi 300 kwa zana za kukatia na zaidi ya 400 kwa springi, ili sehemu ya kaboni iliyonaswa itoke kama chembe ndogo sana za kabidi na mkazo wa ndani ulegee. Ugumu hupungua kidogo, ushupavu, yaani uwezo wa kustahimili kishindo bila kuvunjika, huongezeka sana. Rangi zinazojitokeza wakati huo, kuanzia manjano hafifu hadi buluu, ni utando mwembamba wa oksidi juu ya chuma uonyeshao joto lililofikiwa. Kwa hiyo ncha ya patasi ikigeuka buluu kwenye mashine ya kunolea imekwisha kulainika, na kuisugua hadi ing'ae huondoa rangi tu.

Kuhusu imani kwamba chuma kilichogumishwa hakipindi kirahisi, jibu ni fupi: chini ya mzigo mdogo, kigumu na laini vya umbo moja hupinda karibu sawa, tofauti ni kwamba kilichogumishwa hustahimili mzigo mkubwa zaidi kabla ya kupinda bila kurudi.

Dhana yenye gharama kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye maeneo ya ujenzi: kwamba nondo ikipashwa hadi iwe nyekundu ili ikunjike, nguvu yake hurudi ikishapoa. Nondo nyingi za siku hizi, zile ziitwazo TMT, hupitishwa kwenye mikondo mikali ya maji zikiwa bado za moto kiwandani. Ngozi yake hugeuka martensaiti, kisha joto lililobaki kiini hurudi nje na kuishupaza, huku kiini chenyewe kikibaki laini na chenye kunyumbulika. Moto wa kufanya nondo iwe nyekundu huifuta ngozi hiyo, na hewa haipozi kwa kasi ya kuirudisha. Kuimwagia maji nako hakurudishi kazi ya kiwandani, bali kunaweza kuacha sehemu ngumu inayovunjika ghafla. Nondo ya aina hii hukunjwa ikiwa baridi, kwa kuizungushia pini yenye kipenyo kilichochaguliwa kulingana na unene wake, na ikigoma hapo, moto si dawa yake.